Bibi Harusi, Cherehani Hiyo ni ya Nani?



Leo tumekuja na jambo la vyombo. Msimu wa harusi ukifika hapa Morogoro, mabibi harusi wengi huingia kwetu simu mkononi, kabla hata hawajatoa kitambaa kwenye mfuko. Tunaonyeshwa video: mkono wa mwanamke uliopakwa hina unabonyeza kitufe, mashine inadarizi maua peke yake, kaswida laini inasikika nyuma, na chini pameandikwa "lipa kidogo kidogo". Kesho yake ni mashine ya kukatia mboga, keshokutwa pasi ya mvuke. Swali huwa lile lile: "Dada zangu, ninunue?"

Sisi ni mafundi cherehani, tuna kibanda chetu, tunashona mabaibui, magauni ya harusi na sare za ndugu, na mizigo mingine huvuka maji kuja Unguja. Mashine tunazipenda, ndizo zinazotulisha. Kwa hiyo msitarajie tuwaambie mrudi kwenye sindano ya mkono. Tunachosema ni kwamba tangazo la kifaa mara nyingi husema kweli kuhusu kifaa chenyewe. Linachokaa kimya ni kifaa hicho, kikishamaliza kulipiwa, kitakuwa mali ya nani. Kimya hicho ni cha zamani sana, kilianza kabla bibi zetu hawajazaliwa, na ndiyo maana tumeona tuanzie huko.

Turudi zama za Malkia Victoria wa Uingereza, aliyetawala tangu 1837 mpaka 1901. Kwetu pwani, alipokalia kiti Seyyid Said bin Sultan alikuwa hai na nguvu zake, na alipofariki Zanzibar ilikuwa na miaka 11 chini ya ulinzi wa Waingereza. Katika miaka hiyo magazeti ya Uingereza na Marekani yalijaa picha za vifaa vya nyumbani na vya dukani: mashine ya kukamulia nguo, mashine ya kumenyea matofaa, mashine ya kusagia nyama, jiko, taa, mizani. Kila picha ilikuwa na mwanamke msafi, kiuno chembamba, uso hauna jasho.

Vingine vilikuwa vya ajabu. Huko London palikuwa na George Kent, aliyetangaza sana mashine yake ya kusafishia visu. Ni kama pipa dogo lililosimamishwa kwenye miguu ya chuma, lina matundu ya kuingizia visu na mkono wa kuzungushia. Tusicheke, kulikuwa na sababu: visu vya wakati ule vilikuwa vya chuma kinachoshika kutu, ukikata limau tu kimebadilika rangi. Basi nyumba zenye uwezo zilinunua mashine nzima ya kung'arisha visu, na aliyeizungusha alikuwa mtumishi, mwenye nyumba hakuigusa. Halafu mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Harry Brearley akatengeneza chuma kisichoshika kutu. Visu vya namna hiyo vilipoenea madukani, lile pipa halikuwa na kazi tena. Tunalisema hili kwa ajili ya yule mdogo wetu aliyetaka mashine ya kumenyea vitunguu saumu ya bei ya gauni. Vitunguu saumu vingapi, mpenzi?

Na wenye maduka nao hawakuachwa. Mwaka 1879, James Ritty wa mji wa Dayton, Marekani, mwenye baa, alichoshwa na wahudumu waliomwibia, akatengeneza mashine ya kuhesabu mauzo. Baadaye John Patterson aliinunua biashara hiyo, mwaka 1884 ikawa kampuni ya National Cash Register, na yeye alikuwa bingwa wa kuwatumia wenye maduka barua na vipeperushi mpaka wachoke. Mashine za mwanzo ziliuzwa kwa jina lenye maana ya mtunza fedha asiyehongeka. Liangalieni jina hilo vizuri. Linamwambia mwenye duka kwamba binti anayemuuzia ni mwizi mpaka mashine imsafishe. Sisi tuna msaidizi dukani, na daftari lake na letu tunalinganisha jioni kabla ya Magharibi. Hatuna neno na mashine ya hesabu, ila tangazo linaloanza kwa kukugombanisha na mtu wako, lisome mara mbili.

Sasa tuje kwenye kitu chetu, cherehani. Wanasema hata neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, la gurudumu.

Elias Howe wa Marekani alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846. Mwaka mmoja kabla, aliipeleka Boston, akaweka mashindano: yeye na mashine upande mmoja, washonaji watano wa mkono wenye kasi upande wa pili. Akawashinda wote. Hilo lilikuwa tangazo kabla ya tangazo. Na bado watu hawakununua, maana mashine ilikuwa ghali na watu waliogopa.

Kisha akaja Isaac Merritt Singer na hataza yake ya mwaka 1851. Fundi hodari, lakini kabla ya hapo alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na hilo lilionekana. Kampuni ilifungua ukumbi wa maonyesho New York, barabara ya Broadway, wenye mazulia na samani za kuchongwa, kama sebule ya tajiri. Ndani walikaa wasichana waliovaa vizuri, wanashona mbele ya wapita njia. Kwa nini wasichana? Kwa sababu wanaume wa wakati ule walikuwa wakisema mwanamke hawezi kuendesha mashine. Yule binti anayetabasamu huku guu linakanyaga alikuwa jibu la hoja hiyo. Tukubali kwamba hapo tangazo lilimtetea mwanamke, hata kama nia ilikuwa kuuza.

Mshirika wake Singer, Edward Clark, alikuwa mwanasheria, na huyu ndiye tunayemwona katika kila video ya simu. Alifanya mambo mawili. La kwanza, aliwauzia wachungaji wa makanisa cherehani kwa nusu bei. Mke wa mchungaji akionekana na cherehani sebuleni, waumini wote watataka. Mnaona? Leo ni yule ukhti mwenye wafuasi wengi anayeletewa mashine bure nyumbani, anaanza na bismillah, anamaliza na namba ya muuzaji. Hatusemi anafanya haramu. Tunasema jueni kwamba hakuinunua.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Cherehani iliuzwa kwa dola 125, wakati familia ya kawaida Marekani haikufikisha dola 500 kwa mwaka. Mwaka 1856, mwaka ule ule Seyyid Said alipofariki baharini akirejea Zanzibar, Clark alianza kuwapa watu mashine kwa malipo ya awali kidogo, kisha kidogo kila mwezi. Mwaka 1855 kampuni iliuza mashine 883. Mwaka 1856 iliuza 2,564. Mashine haikubadilika sana ndani ya mwaka mmoja. Kilichobadilika ni namna ya kuilipia.

Uingereza nako matangazo ya Singer yalitaja shilingi 2 na nusu kwa wiki, maandishi makubwa. Bei kamili ilikuwa kwa maandishi madogo, kama ilikuwepo. Na mkataba wenyewe ulikuwa wa kukodi: mpaka umalize malipo yote, mashine ni ya kampuni. Ukishindwa, wanakuja kuichukua, na ulivyokwisha kulipa vimekuwa kodi. Mwanamke aliyelipa wiki 30 akaugua wiki 5 alibaki na nafasi tupu pale dirishani. Hakuna aliyemdanganya. Yote yalikuwa kwenye karatasi.

Na zile ahadi za muda? Kampuni ya Wheeler & Wilson ilichapisha jedwali la saa, na wafanyabiashara wakalinukuu miaka mingi. Shati la mwanaume kwa mkono ni saa 14 na dakika 26, kwa mashine saa 1 na dakika 16. Gauni la kaliko kwa mkono saa 6 na dakika 37, kwa mashine dakika 57. Aproni ya kawaida saa 1 na dakika 26 kwa mkono, dakika 9 kwa mashine. Sisi tumelipitia jedwali hilo kifundi. Dakika 9 za aproni tunaziamini. Saa 1 na dakika 16 za shati tunaziamini kwa mtu ambaye shati limeshakatwa, uzi umo kwenye sindano, bobini imejaa, na hakuna mtoto anayelia. Jedwali la muuzaji huwa halina mtoto.

Lakini tuseme ni kweli. Hizo saa 13 zilizookolewa zilikwenda wapi? Huko Ulaya na Marekani zilikwenda kwenye nguo zenyewe. Magauni yakaongezewa marinda, lesi, mikunjo na tabaka juu ya tabaka, kwa kuwa sasa inawezekana. Na mshonaji maskini aliyelipwa kwa kipande alishona vipande vingi zaidi kwa bei ndogo zaidi kila kimoja. Sisi hatuhitaji kwenda London kuelewa hilo. Zamani harusi ilikuwa na gauni la bibi harusi na nguo ya mama yake. Leo kuna ya singo, ya kupamba, ya nikahi, ya walima, na huku bara kuna kitchen party na send-off, na kila shughuli ina sare yake, na wifi hataki kufanana na shangazi. Kisha mteja anakuja siku 4 kabla ya harusi na vitenge 18 akisema, "Si mna mashine ya umeme?" Umeme upo, dada. Mgongo ni ule ule.

Hapa tupumue kidogo na kisa cha Singer mwenyewe, maana tunajua mtakipenda. Matangazo yake yalijaa picha za nyumba tulivu, mama anashona, watoto wamekaa kwa adabu. Mwenyewe alikuwa na nyumba kadhaa katika mji ule ule wa New York, wanawake kadhaa, kila mmoja hajui habari za mwenzake, mpaka mambo yalipofichuka mwaka 1860. Akahamia Ulaya. Alipofariki 1875 alikuwa ameacha watoto zaidi ya 20 kwa mama tofauti, na kesi za mirathi. Wala hiyo haikuwa ndoa ya wake wengi kama tunavyoijua sisi, yenye mahari, zamu na haki ya kila mmoja kujulikana. Ilikuwa ni kuficha tu.

Turudi kwenye swali letu, la mali. Yule mwanamke wa kwenye picha, aliyelipa shilingi 2 na nusu kila wiki kwa fedha ya kushonea majirani, alipomaliza kulipa, cherehani ilikuwa ya nani?

Katika sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke akiolewa mali yake ya vitu ilihamia kwa mumewe, na mshahara wake pia. Mwaka 1870 ndipo Bunge lao lilipotunga sheria ya kumwachia mke kile anachochuma kwa kazi yake. Mwaka 1882 wakatunga nyingine iliyompa haki ya kumiliki mali yake kama mtu kamili, ikaanza kazi Januari 1883. Maana yake, kwa miaka mingi ya mwanzo, tangazo lilimwambia mwanamke "yako", na sheria ikamwambia mumewe "yako". Mume mlevi aliweza kuiuza, na mke asiwe na pa kushitaki.

Dada zetu, mnakumbuka mwaka 1883 kwetu? Sayyid Barghash alikuwa anakamilisha Beit al-Ajaib pale Forodhani, jumba la taa na mageti ya kuchonga. Ndani ya nyumba za Unguja, wakati huo na karne nyingi kabla yake, mwanamke wa Kiislamu alikuwa anajua mahari ni yake. Suratun Nisaa aya ya 4 inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na aya ya 32 ya sura hiyo hiyo inataja kwamba wanawake wana fungu lao katika walichokichuma. Hatusemi kila nyumba ilitekeleza. Tunasema haki ilikuwa imeandikwa, wakati wenzetu waliotuuzia mashine bado wanajadiliana Bungeni.

Na bado matangazo yao yalituchora kama watu wa kuja kustaarabishwa. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, kampuni ya Singer iligawa kadi nzuri za rangi, kila moja na watu wa nchi fulani katika mavazi yao wakiwa na cherehani. Kuna ya Wahindi, ya Wajapani, ya Wazulu. Ni kadi za kupendeza, hata sisi tungezibandika ukutani. Ujumbe wake ni kwamba dunia nzima imekaa kusubiri sindano yenye tundu nchani. Lakini Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa pale na kupelekwa mpaka Misri. Kanzu zetu zilidariziwa shingo kwa mkono. Kofia ya viua mpaka leo iliyoshonwa kwa mkono ina bei kuliko ya mashine, na mjuzi anaitambua kwa kuigusa tu.

Jambo lingine, picha ile ya mwanamke na cherehani haikufika kwetu kama ilivyochorwa. Mashine ilifika Zanzibar na pwani yote, lakini aliyekaa nayo barazani alikuwa mwanaume: fundi wa Kihindi, wa Kigoa, wa Kiswahili, futi shingoni. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, vitambaa na mafundi wakaja nayo. Mpaka tulipokuwa wadogo, "fundi cherehani" ukiisikia unamwona baba mtu mzima mwenye miwani. Wanawake tuliingia polepole, kupitia shule za misheni, vikundi vya akina mama, kozi za ushonaji kama tuliyosoma sisi. Leo zunguka Soko Kuu la Chifu Kingalu na mitaa ya jirani, uhesabu wanawake walioketi nyuma ya cherehani.

Na ukitaka kuona vifaa vya Victoria vikiwa bado kazini, panda Uluguru. Huhitaji makumbusho. Barabara ya Kinole, barabara ya Mgeta, bodaboda inapumua, ndizi na nanasi huku, kabichi na karoti kule juu kwenye baridi. Kwenye kitongoji ambacho umeme haujafika, utamkuta fundi anatumia cherehani ya mkono au ya miguu, weusi wa rangi umechubuka, maua ya dhahabu yamefutika pale mkono unapopita, na pembeni pasi ya mkaa inasubiri. Ile pasi ndiyo ile ile iliyokuwa kwenye katalogi za bibi zao Waingereza. Huko mashine ya umeme ya darizi ni pambo tu. Ya mkono inakula mafuta kidogo na kufanya kazi.

Lakini kilichotufundisha zaidi kule mlimani ni mambo ya ardhi. Waluguru ukoo wao unafuata upande wa mama. Shamba ni la ukoo wa mama, na mwanamke ana mahali pake pa kulima hata ndoa ikiharibika. Mama mmoja wa njia ya Kinole, tunayempelekea nyuzi, alituambia kwa lugha yake kwamba mume anaweza kuondoka na kofia yake, shamba halina miguu. Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana mmoja wa watu wetu wa karibu hakuwa na shamba wala ukoo wa kumsimamia.

Tumweleze bila jina. Alikuwa fundi kama sisi, mjini. Aliona tangazo la mashine ya darizi, akaichukua kwa awamu. Kila wiki alilipa kutoka kwenye kazi yake, majoho ya watoto wa madrasa, shuka za bibi harusi. Kwa kuwa mumewe ndiye aliyekwenda kuichukua, risiti iliandikwa jina la mumewe. Hakuna aliyeona tatizo, walikuwa wanapendana. Miaka 3 baadaye talaka ikatokea. Siku ya kuhama alitoka na mkasi, futi na boksi la vifungo. Mashine ilibaki, na sasa mke mwingine anaitumia. Kwenye kikao cha familia alisema ameilipia yeye, wakamuuliza, "Karatasi iko wapi?"

Hatukuisimulia ili mwachukie waume. Waume wazuri ni wengi, na wa kwetu wametubebea mashine mgongoni. Tunachotaka muone ni kwamba Uingereza ya mwaka 1860 sheria ilimnyima mwanamke, na Morogoro ya juzi sheria na dini vilimpa, akaja kunyimwa na karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inampa mke haki ya kumiliki mali yake sawa na mume. Lakini pia inasema kitu kikinunuliwa kwa jina la mmoja wao, kitadhaniwa ni chake mpaka uthibitishe vingine. Zanzibar mambo haya huenda Mahakama ya Kadhi, na Kadhi naye atauliza ushahidi. Jina kwenye risiti ni ushahidi rahisi kuliko mashahidi wawili wanaokumbuka vibaya.

Kwa hiyo mabibi harusi wetu, tunapendekeza jambo ambalo wengine wataliona la kizamani. Ukiulizwa mahari, na kama unashona au unataka kushona, taja cherehani. Itajwe aina yake, mpya au iliyotumika, na iandikwe pale panapoandikwa mahari. Tumemshonea bibi harusi mmoja wa Unguja aliyefanya hivyo. Shangazi zake walinung'unika, wakataka seti ya dhahabu, kwa sababu dhahabu inapigwa picha. Dhahabu ni nzuri na ni akiba pia. Ila binti alisema dhahabu ataivaa, cherehani itamvisha. Mpaka leo anashona vitambaa vya watoto pale Mwanakwerekwe, na mashine iliingia nyumbani ikiwa haina deni hata la senti.

Kuhusu kununua kwa awamu, tusiwe wakali kupita kiasi. Wanazuoni wengi wanaruhusu kuuza kwa malipo ya vipande ikiwa bei imekubaliwa tangu mwanzo na haiongezeki. Penye nyongeza kila ukichelewa, hapo ndipo pa kumuuliza sheikh wako kabla hujaweka dole gumba, maana harufu ya riba ipo. Na ile mikopo tunayoiita kausha damu, inayodai kila siku jioni, msiiguse kwa ajili ya kifaa cha jikoni. Tumewaona wanawake wanauza kikaangio ili walipe deni la kikaangio. Kikundi cha akina mama mnaofahamiana, mnaopeana zamu bila nyongeza, kitachelewa kidogo lakini hakuna atakayekuja kung'oa kitu ukiwa kitandani umejifungua.

Hesabu moja tu tuwape, ya mfano. Tuseme cherehani taslimu ni shilingi 400,000. Tangazo linasema elfu 15 kwa wiki. Usiangalie elfu 15. Uliza wiki ngapi. Zikiwa 40, umelipa 600,000, na ile laki 2 ya juu ni sare 10 za kushona ukiweka elfu 20 kila moja. Jiulize kama hizo sare 10 uko tayari kumshonea muuzaji bure. Wengine watasema ndiyo, kwa kuwa bila mashine wasingeshona hata moja, na hilo ni jibu halali. Sisi tunataka tu liwe jibu, lisiwe mshangao.

Na ukienda kujaribu mashine, usikubali kitambaa cha muuzaji. Huyu ana kipande cha pamba ngumu iliyotiwa wanga, hata sindano butu itapita vizuri, kama wale wasichana wa Broadway. Nenda na shifoni yako, nenda na kitambaa cha baibui kinachoteleza, nenda na denimu yenye mikunjo minne. Geuza uangalie upande wa chini, mishono ikilegea kule ndiko kwenye ukweli. Uliza sindano zake zinapatikana wapi, na kama kuna fundi wa kuitengeneza huku huku au mpaka Dar es Salaam.

Ile mashine ya darizi ya kwenye video, wengi wenu mmetuuliza kama tumeinunua. Bado. Muuzaji amepiga simu mara tatu, bei imeshashuka mara mbili. Tumemwambia ailete kibandani siku ya Jumanne, ishone shingo ya baibui letu, kwa uzi wetu, na risiti aiache wazi tutaandika jina wenyewe.